Kalamu Zilitulia Mwajuma Alipoitika

Ilianza siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Saa nina uhakika nayo, maana enzi hizo nilikuwa na tabia ya kuandika shajara, na siku ile niliandika hivi, kwa mwandiko wa msichana aliyetoka kidato cha nne juzi tu: "Saa tatu na robo Mwajuma kaitika, lakini mashine haikuona kama kaitika. Sijaelewa. Naona hata wakubwa hawajaelewa. Nimeogopa kuuliza."

Nyie vijana mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kupima mawimbi ya ubongo mtanisamehe kwa kuanzia hapo. Mmeniomba niwaeleze zamani tulifanyaje kazi, na mie kila nikifungua mdomo kusimulia, Mwajuma ndiye anayetangulia. Nitamzuia kidogo mlangoni, niwape na mengine.

Kwanza mashine yenyewe. Nyie mna kofia laini, mnamvalisha mtu kama anakwenda kuogelea, mnasukumia jeli, mmemaliza. Ya kwetu ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Juu kalamu zimejipanga safu, chini karatasi inakimbia, na kila kalamu ina waya wake uliobandikwa mahali fulani kichwani mwa mtu. Mtu akifumba macho na kutulia, kalamu za kisogoni huchora viwimbi vilivyopangana kama shanga kwenye uzi. Akifumbua, uzi umekatika. Siku ya kwanza kuliona hilo nilirudi nyumbani Tandika nikamwambia shangazi, "Leo nimemwona mtu akifumba macho kwenye karatasi." Shangazi akaniangalia, akaniuliza kama mchana nilikula.

Nilivyoipata kazi hii mtacheka. Mzee Ngonyani, fundi wa ile mashine, mtu wa Songea, mfupi, kalamu nyekundu sikioni kutwa nzima, alikuwa na tatizo moja: wanawake wa Temeke walikataa kuvua ushungi mbele yake. Wengine walikubali kuvua lakini hawakutaka aguse nywele. Akawa anahitaji msichana ajuaye kusoma, mwenye mkono mwepesi, asiyesema sana. Shangazi akasikia msibani, akanipeleka. Kusoma nilijua, nywele nilizijua, na kutosema ndiyo ilikuwa sifa yangu kuu. Shuleni mwalimu akiniita jina nilikuwa nasimama tu, nategemea ataelewa kwamba nipo.

Basi kazi yangu ikawa vichwa. Tulipima kwa tepe ya fundi cherehani, toka katikati ya nyusi mpaka kisogoni, toka sikio hadi sikio, tukaweka alama kwa kalamu nyekundu ya Mzee. Aliyesuka mistari alikuwa rahisi, unapita katikati ya mistari. Mwenye kalikiti, zile nywele za dawa zinazolowa mafuta, alikuwa mateso, yale mafuta yake waya haugandi hata ukiuombea dua. Kila mtu tulimwambia siku moja kabla: osha nywele kwa sabuni ya mche, usipake kitu. Na kila mtu alikuja amepaka mafuta ya nazi, kwa sababu anakwenda hospitali, na mtu haendi hospitali kichwa kikavu kama amekosa ndugu. Hata leo, mkimwambia mama asipake mafuta, msimwambie "ni lazima". Mwambieni waya utateleza na mtamchelewesha. Hapo ataelewa.

Halafu uchafu. Mzee Ngonyani aliita uchafu chochote kilichoingia kwenye karatasi ambacho si ubongo. Jasho la mwezi wa pili lilichora milima mirefu iliyolala. Mtu akipepesa macho, kalamu za mbele zinaruka. Lakini uliotushinda kabisa ni ule wa mzee mmoja aliyestaafu reli. Tulimfunga waya, tukawasha, kalamu zote zikaanza kutetemeka kwa pamoja, nyeusi, nene, kama kichwa kizima kina baridi. Mie nikajua huyu babu anakufa mikononi mwangu na hajui. Yeye amelala anakoroma kidogo. Mzee Ngonyani akatazama karatasi, akatazama dirisha, akasema taratibu, "Binti, huyu babu anasaga mahindi kichwani." Jirani yetu kulikuwa na mashine ya kusaga, mitambo yake inatutikisia umeme. Akatoka kwenda kumwomba msagaji apumzike kidogo, na mahindi ya watu yakasubiri. Toka siku hiyo yule msagaji kila asubuhi alichungulia kwetu na kuuliza, "Leo mna mtu wa kufunga?" Tukisema ndiyo, anasaga haraka haraka kabla yetu. Ukijumlisha na mgao wa umeme, mtaona tulivyokuwa tukipima bongo za watu kwa vipande vipande.

Wiki yangu ya kwanza Mzee alinifunga waya mwenyewe. "Tafuna," akasema. Nikatafuna hewa. "Meza mate." Nikameza. "Haya, taja jina lako." Nikataja, kwa aibu, Rehema. Kisha akanionyesha karatasi. Kalamu za panja, yaani pale kati ya jicho na sikio, zilikuwa zimechimba weusi kila mahali, kama kuku kapekua.

"Unaona, binti? Taya haisogei bure. Mtu akisema hata neno moja, misuli ya panja inachafua karatasi. Jifunze uchafu wa kila kitu kwanza. Ukibaki usioujua jina, pengine huo ndio ubongo."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Sasa Mwajuma aingie.

Mwaka ule Dokta Semkiwa alirudi kutoka masomoni na kompyuta. Kijana bado, shati limechomekewa, anamwita kila mwanamke sista na kila mwanamume braza, hata Mzee Ngonyani alimwita braza mpaka akakanywa. Mitumba ilikuwa imejaa kila pembe, watu wanafungua maduka vibarazani, na sie tukapata kompyuta. Aliiunganisha na lile kabati letu kwa waya mnene, akatueleza jaribio lake. Mie nililielewa siku ya nne, na hata hapo nusu.

Kuna watoto, alisema, ambao kifafa chao si cha kuanguka. Wanaduwaa. Katikati ya jambo macho yanabaki wazi, kope zinacheza kidogo, halafu wanarudi na hawajui kama waliondoka. Wakati huo huo kwenye karatasi mawimbi yanabadilika ghafla, yanakuwa ncha na kilima, ncha na kilima, mfululizo, kisha yanakatika kama maji ya bomba. Yeye alitaka kujua: ndani ya yale mawimbi, mtoto anapotea wapi hasa? Mwanzoni? Katikati? Au anasikia muda wote ila hawezi kujibu?

"Kompyuta itakuwa inasoma pamoja na kalamu," akasema. "Ikiona mawimbi yale yameanza, papo hapo inamwita mtoto jina lake kwenye spika. Akiitika, safari ijayo itachelewa kidogo kumwita. Asipoitika, itawahi. Inasogea mbele, inasogea nyuma, inamfuata yeye, mpaka ipate pale anapotokea mlangoni."

Mzee Ngonyani akauliza, "Na ikipata, inafanya nini?"

"Inatuambia."

"Inatuambia sie. Mtoto je?"

Dokta akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mtoto tunampa dawa inayomfaa, Mzee. Na karatasi ya kupeleka shule."

Mwajuma alikuwa wa kidato cha pili, wa Chamazi, familia ya Kizaramo yenye minazi na mihogo yao huko. Kwa miaka mingi nusu ya somo anaisoma vizuri, nusu nyingine haipo. Mwalimu anamwita, hajibu, anamtazama tu. Anachapwa kwa jeuri. Mwalimu mkuu akachoka, akasema alete maelezo ya daktari au abaki nyumbani. Na wiki ile aliyosema hivyo, Mwajuma alisimama katikati ya Barabara ya Kilwa na kubaki pale, lori likafunga breki mpaka magunia ya mkaa yakadondoka. Ndiyo maana walikuja.

Walikuja watatu. Mama yao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu toka shamba la tatu. Mwajuma mwenyewe, mwembamba, mpole, anachezea pindo la kanga. Na dada yake Saumu, amemzidi kama miaka miwili, ndiye aliyezungumza na kila mtu, ndiye aliyeuliza choo kiko wapi, ndiye aliyembebea viatu.

"Mwanangu hana kifafa," mama alitwambia kabla ya kuketi. "Kifafa mtu huanguka, hutoa povu. Huyu anaduwaa tu. Nataka mashine yenu iseme hana, nipeleke shule hiyo karatasi."

"Mashine haisemi kwa kutumwa, mama," Dokta akajibu kwa adabu.

"Sijaituma. Nimeiambia."

Tuliinasa sauti ya mama akimwita bintiye. Aliita mara moja, "Mwajuma!", na spika ya Dokta ikakwaruza kidogo. Tulipomsikilizisha akarudi nyuma hatua. "Hiyo sauti yangu mtaitoa humo nikiondoka?" Nikamwahidi itatolewa, ingawa sikujua inatolewaje.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa cha giza, mlango umefungwa, sie tuko chumba cha pili na kalamu. Mama hakutaka binti afungiwe gizani peke yake, na alikuwa na haki, wala sisi hatukushangaa. Kila msichana alikuwa na mtu wake wa kukaa naye. Mwajuma akakaa na Saumu. Maikrofoni ikawekwa juu ya meza kati yao. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe nikisikia ameitika.

Nilimwambia Mwajuma apumue kwa nguvu kama anapuliza jiko la mkaa lililokataa kushika, maana kupumua hivyo huyaita yale mawimbi. Akapuliza. Na kweli, kalamu zilikuwa zinatembea vizuri, ghafla zote zikapanda: ncha na kilima, ncha na kilima. Kompyuta ikaita kwa sauti ya mama, "Mwajuma!"

Na kwenye spika yetu ikaja sauti nyembamba, ya haraka: "Abee."

Nikabonyeza. Mawimbi yakaendelea bado, yakakatika.

Dokta akasogeza kiti. "Amesikia. Katikati ya mawimbi amesikia. Tena."

Tena. Abee. Kompyuta ikachelewa zaidi, ikaita ndani zaidi ya mawimbi. Abee. Ikaita karibu na mwisho. Abee. Haikupata mlango. Ilikuwa inasogea tu mbele kama mtu anayetafuta mwisho wa ukuta gizani, na Mwajuma anaitika kila mahali, bila kuchelewa, msichana mwenye adabu zake.

Dokta akajishika kiuno. "Sista, hapa kuna ishu. Mawimbi ya kuduwaa, lakini haduwai. Hii sijaisoma popote."

Mzee Ngonyani alikuwa ameinama juu ya karatasi, pua inakaribia kugusa kalamu. "Ishu mie naiona nyingine," akasema. "Mtoto anaitika, mbona panja safi?"

Tukatazama wote. Pale penye "abee", kalamu za panja zilikuwa zimetulia kabisa, zimelala na mawimbi yao. Kuku hakupekua.

"Waya umelegea," akasema Dokta.

Nikaingia gizani nikabandika upya. Nikamwambia Mwajuma atafune. Kalamu zikachafuka vizuri sana. Nikatoka. Tukaanza tena. Mawimbi, jina, abee, na panja safi. Dokta akabadilisha waya, akabadilisha kalamu, akageuza kalamu ya kushoto kuwa ya kulia. Akauliza kama maikrofoni inaweza kuchelewesha sauti. Mzee akasema labda ana namna ya kusema bila taya, huko kwao Songea kulikuwa na mtu. Wakaingia kwenye hadithi ya yule mtu wa Songea, na mie nikabaki na kitufe mkononi, kichwa kinaniuma. Nilikuwa najua maneno yote ya jambo lile na sijui linasema nini. Ndipo nilipoandika ile mistari niliyowasomea.

Saa tano umeme ukakatwa. Tukawatoa nje wapumzike.

Walikaa kwenye kibaraza. Mama alikuwa upande wa pili wa uwanja akinunua mihogo ya kuchoma, Mwajuma amesimama kwenye nguzo, Saumu kachutama anafunga kamba za viatu vya mdogo wake. Mie nilikuwa mlangoni nafuta gundi ya waya mikononi. Mama akaita toka kule kule, "Mwajuma! Na pilipili?"

Mwajuma hakugeuka. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama pale palipokuwa na baiskeli ya mtu, kope zinacheza. Na Saumu, bila kuinua kichwa, bila kuacha kamba, akajibu, "Abee. Weka kidogo."

Sauti ile ile. Nyembamba, ya haraka.

Saumu akainua uso akaniona. Sijui uso wangu ulikuwaje. Akamaliza fundo, akasimama, akanivuta kidogo kanga, tukaingia ukumbini.

"Dada, umesikia."

Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia.

"Mie huwaga sifikirii," akasema. "Tangu wadogo. Baba alikuwa akiita mtu asiitike, anakuja na mkanda. Nikawa naitika mie. Yeye mwenyewe Mwajuma hajui mara zingine. Hata mle ndani, mama ameita, mie kinywa kimeshafunguka. Mara ya kwanza haikuwa makusudi, wallahi."

"Na zilizofuata?" Hilo ndilo swali zito kuliko yote niliyowahi kumwuliza mtu nisiyemjua.

Akatazama chini. "Mwezi ujao naolewa Mafia. Mwanamume amekubali, kwao wamekubali. Mashine ikisema Mwajuma ana kifafa, Chamazi nzima itajua kabla hatujafika nyumbani. Watamtengea sahani. Watamtengea kikombe. Hakuna atakayekuja kuposa. Na mie nitakuwa kisiwani. Nikasema, bora iseme hana, arudi shule, niende zangu moyo umetulia. Usiseme, dada yangu. Mie nakuomba."

"Ukishakwenda Mafia?"

"Nini?"

"Nani atamwitikia?"

Kule nje mama alikuwa anauliza mbona mihogo inapoa.

Nitasema kweli, sikujua la kufanya, na sikusema kitu kwa Dokta siku ile. Umeme haukurudi mpaka jioni. Dokta akawaomba warudi kesho asubuhi, akamwambia mama kwa furaha kidogo kwamba mpaka sasa binti anaonekana anasikia vizuri, na kama kesho itakuwa hivyo hivyo, dawa haitahitajika na ataandika hivyo. Mama akasema alhamdulillah akatutazama wote kama ametushinda. Saumu hakunitazama. Mwajuma alinishukuru kwa kumwosha gundi nywele, akaniambia mkono wangu hauumi.

Jioni nilikuwa nachambua mchicha na shangazi. Nikamwuliza, kama mtu anamfichia ndugu yake ugonjwa kwa sababu anampenda, ni mwema au si mwema? Shangazi akasema inategemea ugonjwa. Nikamwuliza, na anayejua akanyamaza? Akasema inategemea anayejua. Kisha akaniambia nimetupa majani na kubakiza vijiti. Kwenye shajara niliandika: "Saumu akiitika Mwajuma hachapwi. Saumu akiitika Mwajuma hapati dawa. Ni neno moja. Nimechoka kuwaza." Nikachora chini yake ncha na kilima, ncha na kilima, mpaka mwisho wa ukurasa.

Mnaweza kuniuliza kama Mwajuma alikuja kupona. Vijana wengi nikifika hapa huuliza hilo. Dawa ilimkubali, taratibu, na kuna miezi haikumkubali. Sahani kweli walimtengea, kwa muda, nyumba mbili tatu. Mama yake alikwenda kwenye nyumba hizo akala kwenye sahani ile ile aliyotengewa bintiye, mbele yao, na sauti yake mnaijua. Kidato cha nne alimaliza. Aliolewa ama hakuolewa, hilo ni lake. Barua za Saumu toka Mafia zilikuwa zinakuja kwangu, kwa kuwa hospitali ilikuwa na anwani ya posta na Chamazi haikuwa nayo, na mie nilizipeleka. Dokta Semkiwa alipata jibu la mlango wake, na baada ya hapo hakumfungia mgonjwa na ndugu chumba kimoja bila kwanza kukaa nao nje na kusikiliza wanavyoitana. Hilo ndilo nawaambia na nyie. Kabla hamjawasha chochote, kaeni kibarazani. Mtajua nani anamjibia nani. Kompyuta zenu ni nyepesi na zina akili kuliko ile, zinamfuata mtu kwa haraka ambayo sie hatukuiota, lakini zinafuata kile mlichozisikilizisha.

Nimekwenda mbele. Turudi asubuhi ile.

Nilifika mapema. Msagaji akachungulia, nikamwambia leo tuna mtu, akaenda kusaga haraka. Walipofika wale watatu sikwenda kwa Dokta. Nilikwenda kwa Saumu. Alikuwa amevaa kanga mpya na macho yamevimba, nadhani naye hakulala.

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ndogo hivi, "Leo mie nitakaa na Mwajuma gizani. Wewe kaa kwenye kiti changu. Kuna kitufe. Akiitika, bonyeza. Asipoitika, usibonyeze. Utaona kalamu mwenyewe."

"Umemwambia Dokta?"

"Sijamwambia. Nimekuja kwako kwanza."

Akakaza fundo la kanga yake. Nilidhani atanitukana, na ningestahimili. Akauliza, "Zikichora vile, yeye anaumia?"

"Haumii. Hayupo tu."

Akavua viatu, akaviacha mlangoni pamoja na vya mdogo wake, akaingia chumba cha kalamu. Nikamwomba Dokta ruhusa, nikasema dada mtu amechoka, ningependa nikae na mgonjwa. Dokta akasema sawa sista. Mzee Ngonyani alimtazama Saumu kwenye kiti changu, akanitazama mie, akaichukua kalamu nyekundu sikioni na kuanza kuichonga, ingawa ilikuwa imechongwa.

Nikamfunga Mwajuma waya. Nikazima taa. Nikakaa pale alipokaa Saumu, karibu na maikrofoni, nikamshika mkono. Ulikuwa na joto. Akapuliza kama tulivyomfundisha, akapuliza, na kwenye ule mwanga mdogo wa chini ya mlango niliona macho yake yakibaki wazi, kope zikianza kucheza. Vidole vyake, vilivyokuwa vinanishika, vikawa vimelala tu juu ya vyangu.

"Mwajuma!"

Sauti ya mama ilijaa chumba kizima. Siku ya kwanza nilikuwa nyuma ya ukuta, sikujua inavyovuta. Hakuna mtoto wa kike wa pwani anayeweza kusikia mwito ule akabaki na ulimi mahali pake. Hakuna aliyeitika. Upande wa pili sikusikia kitufe.

Akarudi, akavuta pumzi, akaniuliza kwa kunong'ona kama tumeshaanza. Nikamwambia apulize tena. Akapuliza. Safari hii kompyuta iliwahi zaidi kumwita. Kimya. Ikawahi tena, ikarudi nyuma kumtafuta kule mwanzo wa mawimbi, mama anaita na kuita, na nyuma ya ukuta nikasikia kiti changu kikilia, mtu amesimama, halafu mtu ameketi.

Kope za Mwajuma zikaanza kucheza tena. Nikajua kitakachofuata, na ulimi wangu ulishapanda. Nikaliingiza pindo la kanga mdomoni, nikaliuma, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Mama akaita. Nikanyamaza.